Luteni Asiye na Akiba

Napoleon Bonaparte alizaliwa Corsica mwaka wa 1769. Babake aliaga dunia Februari 1785. Septemba mwaka uo huo, kijana huyo wa miaka 16 akateuliwa luteni wa pili katika kikosi cha mizinga. Huko Valence, Ufaransa, ilimbidi kwanza atumike kama askari wa kawaida, kisha koplo, kisha sajini, hadi Januari 1786. Mshahara wake haba aliugawa baina ya kodi, chakula na vitabu. Baadaye, Auxonne, alikula mlo mmoja kwa siku, akasoma mno, homa ikamdhoofisha. Mwaka wa 1791 alimlea huko nduguye mdogo, Louis. Himaya aliyoijenga baadaye ilimponyoka. Vitabu hakuviacha hadi kifo chake, Saint Helena, mwaka wa 1821.