Ahmed Khalif: Mbunge aliyelilia Wagalla Bungeni

Mei 1963, wapigakura wengi wa jamii za Kisomali, kuanzia Garissa hadi Wajir, walisusia uchaguzi uliotangulia uhuru wa Kenya. Vita vya Shifta vilifuata, na sheria za hali ya hatari zikadumu hadi 1991.

Marehemu Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi, aliingia Bungeni sheria hizo zingalipo. Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Khalif alisimama Bungeni, enzi ambapo wengi waliona heri kunyamaza, akadai waliokufa walizidi 300. Bila kiti hicho, nani angesikizwa?

Kwa miongo mingi vijana wa huko walipigwa msasa zaidi kabla ya kupewa kitambulisho, na asiye nacho hapigi kura. Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo Februari 2025.

Khalif hakuishi kuyaona hayo. Mapema 2003 aliteuliwa Waziri wa Leba. Januari 24, ndege ilianguka Busia ikipaa, akafariki.