Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Katika mashamba ya Masisi akina mama huchagua maharagi mazuri na kuyaweka kwa kupanda. Wanajua ya kuwa mbegu hufuata mzazi wake. Lakini urithi huo hupitaje? Aliyeanza kutufumbulia fumbo hilo alikuwa mtawa.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi iitwayo leo Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1838 aliangukiwa na mti, akaumia vibaya, na fedha za shule zikakosekana. Johann alisoma kwa njaa, hata akaugua. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, alipompa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake. Mendel hakuisahau fadhili hiyo: baadaye aliwasomesha watoto wa dada yake.

Mwaka 1843 aliingia utawa katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata Upadre. Alipenda kufundisha, lakini mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Mwaka 1856 alijaribu tena, wala hakupata cheti. Hata hivyo hakukata tamaa. Alifundisha kama mwalimu msaidizi, na katika bustani ya watawa akapanda njegere.

Alichukua mmea wa njegere za manjano na mmea wa njegere za kijani. Kwa mkono wake alitia vumbi la ua la mmoja katika ua la mwingine. Watoto wote wakawa wa manjano. Je, kijani kimepotea? Akazipanda hizo, akavuna, akahesabu njegere 8,023. Za manjano zilikuwa 6,022, za kijani 2,001. Kijani kimerudi, karibu moja katika kila nne!

Mendel alifahamu sababu. Kila mmea hupokea sehemu mbili za urithi, moja kwa baba na moja kwa mama. Manjano na manjano huzaa manjano. Manjano na kijani, au kijani na manjano, huzaa manjano, kwa maana kijani hujificha. Kijani na kijani tu huzaa kijani. Kwa hiyo mtoto aweza kufanana na babu yake katika jambo asilolionyesha baba yake.

Mwaka 1865 aliwasomea wataalamu wa Brno kazi yake ya miaka minane, na mwaka 1866 ikapigwa chapa. Karibu hakuna aliyeitia maanani. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati, na shughuli nyingi zikamwondoa bustanini. Alikufa tarehe 6 Januari 1884, na sifa yake ya utaalamu haikujulikana. Mwaka 1900 wataalamu watatu wa nchi mbalimbali waliona mambo yale yale, wakakuta kwamba Mendel amewatangulia.

Lakini urithi una njia nyingine pia. Pombe ya ndizi huchacha kwa sababu ya chachu, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1949, huko Ufaransa, Boris Ephrussi aliandika habari za chachu dhaifu, zisizoweza kutumia hewa vema. Zilipochanganywa na chachu nzima, wazao wakawa wazima, wala udhaifu haukurudi kama kilivyorudi kijani cha njegere. Baadaye sababu ikajulikana. Ndani ya chembe hai mna viungo vidogo vya kuleta nguvu, viitwavyo mitokondria, navyo vina urithi wao wenyewe, mbali na ule wa kiini cha chembe. Sisi watu huupokea urithi huo kwa mama zetu.

Mendel hakuyajua hayo. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake, akahesabu kwa uaminifu, akawaachia wengine waendelee.

Maswali
1. Theresia alimsaidiaje ndugu yake?
2. Gawanya 6,022 kwa 2,001. Jibu lakufundisha nini?
3. Kwa nini kijani cha njegere kilirudi?
4. Ni urithi gani tunaoupokea kwa mama tu?