Nyerere alivyomfasiri Shakespeare kabla ya enzi za ChatGPT

Siku hizi mwanafunzi akikwama kwenye shairi la Kiingereza anashika simu, anaiuliza ChatGPT, na jibu linakuja hata hajameza mate. Julius Nyerere alipambana na Shakespeare kwa kalamu na karatasi.

Na Kiingereza hakuzaliwa nacho. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, nyumbani wakiongea Kizanaki. Alianza shule akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Kiingereza kilifuata baadaye.

Mtoto wa Nyabiyonza, kule Karagwe, anaijua njia hiyo: Kinyambo nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, halafu kidato cha kwanza ghafla masomo karibu yote ni Kiingereza.

Nyerere alisoma Tabora, akaenda Makerere kusomea ualimu, akafundisha St. Mary's Tabora, kisha akapata shahada Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu hadi 1955, siasa za TANU zilipomlazimu kuchagua. Kazi akaiacha, jina la Mwalimu likabaki.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caezar*. Hebu fikiria, nchi bado changa, mambo chungu nzima, na rais anahangaika na mistari ya mashairi!

Tena mistari yenyewe ina mapigo lakini haina vina. Msomaji wa Kiswahili wa wakati ule, aliyezoea vina na mizani, angeweza kuiita guni. Nyerere hakuogopa. Aliviacha vina, akamfuata Shakespeare.

Lakini hakuridhika. Mwaka 1969 aliitoa upya ikiwa imesahihishwa, na hata jina limebadilika: *Juliasi Kaizari*. Kufuta na kuandika tena ndiko kunakofundisha ushairi, na ndiko simu inakokuficha. Yenyewe inakupa jibu lililokwisha pigwa pasi.

Mwaka huohuo ikatoka *Mabepari wa Venisi*. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara, tena mmoja. Nyerere akaandika mabepari, wengi. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, na kuitwa bepari lilikuwa tusi. Je, alipotosha, au alimfanya Shakespeare aongee na Watanzania? Hapo darasa zima linaweza kubishana kipindi kizima.

Programu ya akili mnemba inaweza kusaidia ubishi huo. Mwalimu anaweza kuiambia itafsiri jina hilo, kisha wanafunzi walinganishe na la Nyerere na watetee chaguo lao. Shida ni pale inapotangulia kitabu. Inaweza kukutungia mstari ambao Shakespeare hakuuandika kamwe, bila hata kupepesa, na asiyekifungua kitabu hatajua. Halafu kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne simu haiingii.

Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985, ila kalamu hakuiweka chini. Uzeeni aligeukia Biblia, akaandika sehemu zake kwa tenzi zilizochapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufariki London. Safari hii vina alivirudisha.