Susanna Wesley na Shule ya Nyumbani

Mwaka 1669 alizaliwa katika mji wa London, nchi ya Uingereza, mtoto mwanamke aliyeitwa Susanna. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mhubiri mwenye elimu nyingi. Watoto wake walikuwa 25, na Susanna ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Mwaka 1688 Susanna aliolewa na Samuel Wesley, ambaye alikuwa kasisi, na baada ya miaka michache wakahamia Epworth, mji mdogo wa Lincolnshire.

Bibi Susanna alizaa watoto 19, lakini 9 walikufa wangali wachanga. Fedha zilikuwa haba nyumbani, hata mwaka 1705 mumewe alifungwa gerezani kwa sababu ya deni. Juu ya taabu hizo zote, mama huyu hakuacha kuwafundisha watoto wake, wa kiume na wa kike, kwa mkono wake mwenyewe.

Desturi yake ilikuwa kumngoja mtoto mpaka atimize miaka 5. Siku moja kabla ya kuanza, nyumba ilitengenezwa, kila mtu akapewa kazi yake, wala hapakuwa na ruhusa ya mtu yeyote kuingia chumbani saa za masomo. Saa hizo zilikuwa 6: tangu saa 3 asubuhi hata saa 6, na tangu saa 8 hata saa 11. Siku ya kwanza mtoto alijifunza herufi zote. Wote waliweza, ila wasichana wawili, Mary na Anne, ambao walitumia siku moja na nusu. Mama yao aliwadhani kuwa wazito, lakini alipoona jinsi watoto wa watu wengine wanavyokawia, akabadili shauri lake. Kisha mtoto alianza kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, akitaja herufi za kila neno, akirudia mstari mpaka ausome bila kusita.

Tena hakuna binti aliyefundishwa kushona kabla ya kujua kusoma vema, kwa maana Bibi Susanna aliona kwamba wanawake wengi hawasomi vizuri kwa sababu walipewa sindano mapema mno. Mtoto aliyeungama kosa lake hakupigwa, wala hakuna aliyeadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Siku moja mumewe alihesabu kwamba amemwambia mtoto neno lile lile mara 20, akamwuliza amepata wapi saburi hiyo. Mkewe akamjibu kwamba kama angaliacha katika mara ya 19, kazi yote ingalipotea bure.

Hata usiku wa tarehe 9 Februari 1709, nyumba yao ikashika moto. Watoto wakatolewa, lakini John, mwenye umri wa miaka 5, akasahauliwa ghorofani. Akaonekana dirishani, mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake, akamvuta nje, na mara dari ikaanguka. Roho zote ziliokoka, lakini mali na vitabu viliteketea. Watoto wakatawanywa katika nyumba za watu mbalimbali, na huko wakaisahau adabu waliyofundishwa, wakajifunza maneno machafu.

Nyumba mpya ilipokwisha kujengwa, mama yao akawakusanya, akaanza upya. Ndipo ilipoanza desturi ya kufungua na kufunga shule kwa kuimba zaburi. Saa 11 jioni mtoto mkubwa alimchukua mdogo wa wote aliyeweza kusema, wa pili akamchukua anayefuata, wakasomeana zaburi na sura ya Agano Jipya. Tena alimwekea kila mtoto zamu yake ya jioni katika juma, akazungumza naye peke yake: Alhamisi ilikuwa ya John, na Jumamosi ya Charles.

Wana hao walikwenda shule kubwa, kisha Oxford, wakawa viongozi wa Wamethodisti. Charles alitunga maelfu ya nyimbo za dini. John, alipokuwa mtu mzima, alimwomba mama yake amwandikie jinsi alivyowalea. Naye mwaka 1732 akamwandikia barua ndefu, na kwa barua hiyo twajua mambo ya shule ile. Mwaka 1862 wamisionari Wamethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, nao wakafungua shule.

Bibi Susanna alifariki London tarehe 23 Julai 1742. Kabla ya kukata roho aliwaagiza watoto wake kwamba, mara atakapofunguliwa, wamwimbie Mungu zaburi ya sifa. Wakasimama kukizunguka kitanda chake, wakaimba, kama walivyoimba zamani kila siku masomo yalipokwisha.