Baden-Powell, Mwanzilishi wa Maskauti

Mtoto wa Kasulu au wa Kibondo afuataye wazee msituni kutafuta asali hujifunza mambo mengi yasiyoandikwa kitabuni. Hujua kutazama nyasi zilizokanyagwa, kusikiliza sauti za ndege, na kukumbuka njia ya kurudi nyumbani. Katika nchi ya Uingereza alitokea mtu mmoja aliyeona kwamba elimu ya namna hii humjenga kijana, akaifanya kuwa shule ya vijana wa mataifa mengi. Jina lake lilikuwa Robert Baden-Powell.

Alizaliwa katika mji wa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford. Baba huyo alikufa mwaka wa 1860, Robert akiwa na umri wa miaka mitatu tu, na mzigo wote wa kulea watoto ukamwangukia mama yao, Henrietta Grace. Mama huyo hakulegea. Aliwaacha wanawe watembee mashambani na kusafiri baharini kwa mashua, na katika safari hizo kila mmoja alikuwa na kazi yake.

Katika shule ya Charterhouse, Robert hakuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza darasani. Karibu na shule palikuwa na kijisitu, na wanafunzi walikatazwa kukiingia. Yeye alizoea kujificha humo, akinasa sungura na kuwapika kwa moto mdogo usiotoa moshi, ili walimu wasimwone. Kuvunja amri ya shule si jambo la kusifiwa. Lakini humo ndimo alimojifunza kunyamaza, kutazama na kujitegemea. Alipomaliza masomo, vyuo vya Oxford vilimkataa. Hakukata tamaa. Mwaka wa 1876 alifanya mtihani wa jeshi, akashinda vizuri, akapelekwa Bara Hindi kuwa ofisa wa askari wapanda farasi.

Baadaye alitumwa Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1896 alikuwa katika vita vya Waingereza na Wamatabele, waliokuwa wakiipigania nchi yao. Kazi yake ilikuwa kupeleleza usiku katika vilima vya Matopo. Huko alijifunza mengi kwa Waafrika walioijua nchi, na mmoja aliyemsifu sana ni mpelelezi aliyeitwa Jan Grootboom.

Katika jeshi Baden-Powell aliona jambo moja. Askari aliyezoea kungoja amri kwa kila neno, akiachwa peke yake porini hupotea. Basi akawagawa askari wake katika vikundi vidogo, akawafundisha kusoma nyayo, kupika chakula chao, na kukata shauri wenyewe. Kisha akaandika kitabu kidogo juu ya kazi hiyo, kikatolewa mwaka wa 1899.

Mwaka huo huo vikaanza vita vya Waingereza na Makaburu. Baden-Powell alikuwa mkuu wa mji mdogo wa Mafeking, nao ukazingirwa na Makaburu kwa muda wa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900. Kwa kuwa watu wazima walikuwa wachache, wavulana wa mji waliundiwa kikosi chao, chini ya kijana mwenzao, Warner Goodyear. Walichukua barua kutoka ngome hata ngome, na kufanya kazi nyingine zilizohitaji watu waaminifu. Kwanza walipanda punda. Punda walipochinjwa na kuliwa kwa sababu ya njaa, wakapanda baiskeli. Risasi zilipita, nao hawakuacha kazi. Baden-Powell hakusahau jambo hili maisha yake yote. Aliona kwamba mtoto akikabidhiwa kazi ya kweli, na akiaminiwa, huitimiza.

Lakini habari ya Mafeking ina upande mwingine, nao haufai kufichwa. Waafrika wa kabila la Barolong walisaidia kuulinda mji ule. Hata hivyo posho ya chakula waliyopewa Waafrika ilikuwa ndogo kuliko ya Wazungu, na wengi wao walikufa kwa njaa. Mkuu wa mji alikuwa Baden-Powell, na waandishi wa historia wamemlaumu kwa jambo hilo.

Aliporudi Uingereza alikuta vijana wengi wanasoma kitabu chake kile cha askari. Akafikiri kwamba yafaa elimu hiyo itolewe katika mambo ya vita na kuwekwa katika mambo ya amani. Basi mwezi wa Agosti 1907 akachukua wavulana wapatao 20, akapiga kambi nao katika kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanya kazi. Katika siku zile hawakuzoea kula pamoja. Aliwagawa katika vikundi vinne, akawachanganya, na kila kikundi kikapewa kiongozi mvulana. Kiongozi yule aliulizwa habari za wenzake wote: kama wameoga, kama wamekula, kama hema lao ni safi. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala iliyotoka nchi ya Wamatabele.

Mwaka wa 1908 aliandika kitabu kwa ajili ya vijana, na kabla ya muda mrefu kupita, vikosi vya maskauti vikatokea kila mahali. Skauti alitoa ahadi, akafuata sheria: awe mwaminifu, asaidie watu, na awe ndugu wa kila skauti mwingine. Mwaka wa 1909 maskauti wapatao 11,000 walikusanyika London, na wasichana kadhaa wakaja bila kualikwa, wakitaka nao waandikwe. Mwaka wa 1910 wasichana wakapata chama chao, kikaongozwa na Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka wa 1920, vijana wa nchi nyingi walipokutana London, walimtangaza kuwa Mkuu wa Maskauti wa Ulimwengu.

Sheria ya udugu ni rahisi kutamka, bali ni nzito kuitimiza. Huko Afrika ya Kusini wakubwa wa chama walikataa kuwapokea vijana wa Kiafrika pamoja na Wazungu, wakawawekea chama cha pembeni. Mwaka wa 1936 walipokubaliwa kuitwa maskauti, bado walitengwa katika tawi lao. Watu wazima walishindwa na sheria waliyowafundisha watoto.

Mwaka wa 1938 Baden-Powell, akiwa mzee na mgonjwa wa moyo, alihamia Nyeri, katika nchi ya Kenya, pamoja na mkewe Olave. Alikaa katika nyumba ndogo mbele ya Mlima Kenya, akichora picha za wanyama na kuandika. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Juu ya jiwe la kaburi lake pamechorwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani kuwaarifu wenzao kwamba mwenye kuiweka amekwenda nyumbani.

Kazi yake haikuzikwa naye. Katika shule ya Tabora, katika miaka ya 1937 hadi 1942, alikuwako mwanafunzi kutoka Butiama. Alikisoma kile kitabu cha maskauti, akasaidia kuanzisha kikosi shuleni. Mwanafunzi huyo alikuwa Julius Nyerere, ambaye mwaka wa 1962 alikuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wavulana wa Mafeking, wa Brownsea na wa Tabora hawakungoja kuwa wazee ndipo wapewe madaraka. Walipewa kidogo wakiwa wadogo, wakakitunza, wakaongezewa. Mtoto aliyekabidhiwa ufunguo wa darasa, au mbuzi watano wa baba yake, amekwisha kuianza safari hiyo hiyo.