Terzaghi na Ukuta wa Changamwe

Kila masika yanapokaza, huukumbuka ukuta wa shule moja ya Changamwe niliyofundisha kabla sijaingia chuo kikuu. Ulijengwa kwa mawe na saruji ili kuuzuia mteremko, nasi tukausifu kwa unene wake. Ukafura tumbo, na usiku mmoja wa mvua ukalala chini. Kwa bahati njema wanafunzi walikuwa makwao. Fundi alishutumiwa kwamba ameiba saruji. Miaka mingi baadaye, niliposoma habari za Karl Terzaghi, niling'amua kuwa yamkini tulimwonea.

Terzaghi alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uhandisi wa mitambo mjini Graz, Austria. Mitambo haikumkaa moyoni. Kilichomsumbua ni kuwa wahandisi walijua kuukadiria uwezo wa chuma, ilhali udongo waliujengea kwa kubahatisha. Mwaka 1916 alikwenda kufundisha Istanbul, na baada ya vita, akiwa Robert College mjini humo, alijiundia vyombo vya kupimia udongo kwa vitu vya kuokoteza. (Walimu wenzangu wenye maabara tupu, mnasikia?) Kitabu chake cha 1925 ndicho kilichoasisi mekanika ya udongo.

Alibainisha kwamba udongo ni punje, na baina ya punje mna matundu. Punje zikibanana, msuguano wao ndio unaoushikilia mteremko. Mvua ikiyajaza matundu, maji hubeba sehemu ya mzigo, mbano hupungua, na ardhi huondoka. Wengi walidhani maji hulainisha tu kama mafuta. Katika makala yake ya 1950 kuhusu maporomoko, aliipinga dhana hiyo.

Hapa mwanaisimu hana budi kuingilia. Sisi huita kila kitu mmomonyoko. Mmomonyoko ni udongo wa juu kuliwa kidogo kidogo. Poromoko ni pande zima kung'oka. La kwanza huzuiwa kwa majani. La pili hutaka maji yaliyomo ndani yatolewe, na chini ya mteremko pasichimbwe.

Kenya nayo ilimhitaji. Katika miaka ya 1950, udongo wa kujengea bwawa la Sasumua, Kinangop, ulitoa majibu ya ajabu katika maabara, wahandisi wakauhofia. Terzaghi, aliyekuwa Harvard tangu aihame Austria mwaka 1938, alieleza kuwa ajabu hiyo ilitokana na madini yaliyomo, wala si udhaifu. Bwawa likajengwa kwa udongo uleule, na Nairobi ingali inakunywa maji yake. Alifariki Massachusetts mwaka 1963.

Likoni na Kisauni zina matumbawe na mchanga mwingi. Changamwe ina mwamba laini wa matabaka, ambao ukikaa na maji hurudi kuwa udongo wa mfinyanzi. Ukuta wetu haukuwa na hata kitundu kimoja cha kupitishia maji. Yalijikusanya nyuma yake yakausukuma.

Majuzi nilipita pale. Umejengwa mwingine, mnene zaidi. Nilitafuta vitundu, sikuviona. Nimemwandikia mwalimu mkuu, na vuli haijaanza.