Henry Darcy na Maji ya Dijon

Henry Darcy alizaliwa mwaka wa 1803 katika mji wa Dijon, nchi ya Ufaransa. Alipokuwa na miaka 14, baba yake alikufa. Mama yake hakuwa na mali nyingi, lakini alijitahidi sana ili mtoto wake asome. Henry naye akasoma hesabu kwa bidii, akaingia shule kubwa za Paris, akawa enjinia wa njia na madaraja.

Siku zile watu wa Dijon walikunywa maji mabaya. Visima vyao vilikuwa karibu na vyoo na takataka, na uchafu uliingia ndani. Darcy aliwahurumia. Mbali na mji kulikuwa na chemchemi safi, jina lake Rosoir. Akajenga mfereji wa mawe wenye kufunikwa, urefu wake karibu kilometa 13. Tarehe 6 Septemba 1840 maji yakafika mjini. Yaliteremka yenyewe, bila mashine. Kisha mabomba yalitandazwa chini ya njia za mji, na watu wakateka maji safi karibu na nyumba zao. Mji ulitaka kumlipa Darcy fedha nyingi. Alikataa. Alikubali kupata maji bure nyumbani kwake maisha yake yote.

Lakini neno moja lilimsumbua. Ukimwaga maji juu ya mchanga, yanapotea upesi. Ukiyamwaga juu ya udongo wa mfinyanzi, yanakaa. Kila mtu aliona hayo, lakini hakuna aliyejua kuyapima. Tena miji mingine ilisafisha maji yake kwa kuyapitisha katika mchanga. Je, mji mkubwa unahitaji mchanga wa kadiri gani? Mafundi walikisia tu.

Mwaka wa 1855 Darcy alikuwa mgonjwa. Aliomba kupumzishwa kazi zake za serikali. Lakini hakulala kitandani. Katika hospitali ya Dijon alisimamisha bomba nene la chuma, lenye kumpita mtu kwa urefu, akalitia mchanga. Pamoja na msaidizi wake, Charles Ritter, alipitisha maji humo na kuyapima. Maji hayo yalitoka katika mabomba ya hospitali. Kila mara watu wa hospitali walipofungua maji yao, vipimo vilitikisika. Darcy hakukata tamaa. Alipima tena na tena.

Mwishowe akaona sheria yake. Nguvu inayosukuma maji ikiongezwa mara mbili, maji yanayopita yanakuwa mara mbili. Unene wa mchanga ukiongezwa mara mbili, maji yanayopita yanakuwa nusu. Na kila aina ya mchanga ina kipimo chake: mchanga wenye chembe kubwa hupitisha maji mengi, na ule wenye chembe ndogo hupitisha machache.

Aliandika hayo katika kitabu mwaka wa 1856. Tarehe 3 Januari 1858 akafa, mwenye miaka 54. Hata leo wachimbaji wa visima hutumia sheria yake kujua maji yatakuja kwa kadiri gani. Nao wenye kutafuta petroli hupima mawe ya chini kwa kipimo kinachoitwa darcy.

Darcy aliwapa watu wa mji wake maji. Watu wa nchi zote aliwapa kipimo.